Kiungulia Si Vidonda vya Tumbo

Wengi wanaomwambia daktari "nina vidonda vya tumbo" hawajawahi kupimwa. Waliambiwa na jirani, au muuza dawa. Ukimuuliza mmoja wao anahisi nini, anapitisha kiganja kutoka chembe ya moyo hadi kooni: moto unaopanda, maji machungu mdomoni, hasa akiinama au akilala. Hicho ni kiungulia.

Asidi tumboni iko mahali pake, na ukuta wa tumbo umefunikwa ute wa kuihimili. Umio, yaani mrija unaoteremsha chakula, hauna kinga ya namna hiyo. Mwisho wake umezungukwa na msuli unaofunguka tonge likipita, kisha hujifunga. Msuli huo ukilegea, asidi hupanda na kuunguza.

Sigara, pombe na vyakula vya mafuta mengi huulegeza. Kitambi huongeza mgandamizo kutoka chini. Mjamzito ana yote mawili: homoni ya projesteroni inayolegeza misuli, na mimba inayosukuma tumbo juu. (Wenye kusema kiungulia cha mjamzito ni dalili ya mtoto mwenye nywele nyingi waendelee kufurahi, mimi nailaumu homoni.)

Ila kwetu mkosaji mkubwa, nionavyo, ni chakula cha usiku. Mtu anashindilia wali wa nazi saa nne, saa nne na nusu yuko kitandani. Tumbo lililojaa likilazwa, kupanda kwa asidi kunakuwa rahisi. Acha muda wa saa tatu kati ya kula na kulala. Inua miguu ya kitanda upande wa kichwani kwa matofali, kama sentimita 15. Mito mingi hukunja tumbo tu. Maziwa nayo hutuliza kwa muda mfupi, kisha huchochea asidi zaidi.

Vidonda vina asili nyingine, kwanza bakteria. Mwaka 1984 daktari Barry Marshall wa Australia alikunywa bakteria wa Helicobacter pylori ili kuonyesha kuwa wanaweza kuleta ugonjwa katika tumbo la mtu mwenye afya. Yeye na Robin Warren walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Bakteria huyo hupimwa kwa kinyesi au pumzi, na huuawa kwa antibiotiki zikiambatana na dawa ya kupunguza asidi. Chanzo cha pili ni dawa za maumivu: diklofenaki, ibuprofeni, aspirini. Anayemeza diklofenaki kila siku kwa ajili ya mgongo, kisha anatafuta dawa ya tumbo, aanze kwa kumweleza daktari habari za mgongo.

Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, humezwa nusu saa kabla ya kula. Wengi huisubiri mpaka moto umeshawaka, halafu wanasema haifanyi kazi.

Chakula kinachokwama kooni, uzito unaopungua, kutapika damu au choo cheusi kama lami vinahitaji uchunguzi wa haraka, maana saratani ya umio ni ya kawaida mno katika ukanda wa Afrika Mashariki. Na kifua kikikaza, jasho likatoka, maumivu yakaelekea mkono wa kushoto au taya, usitafute magnesia: nenda hospitali papo hapo, moyo ukapimwe.