Kilima cha Feri na Dawa ya Mafuta

Feri ikishatia nanga ng'ambo, abiria aliyetoka Likoni bado ana kilima kimoja cha kupanda kabla ya kuingia mjini. Mwenye miguu mizima hakioni. Lakini aliyeanza kumeza dawa ya kolesteroli mwezi jana, kisha mapaja yake yote mawili yakawa mazito, hukiona kirefu. Akifika juu keshakata shauri: vidonge vitabaki kabatini, na daktari hataambiwa.

Shauri hilo la kimya ndilo linalonitia hofu.

Dawa hizo, jamii ya statini, zilianzia kwenye kuvu aliyoichunguza Mjapani Akira Endo miaka ya 1970. Hulizuia ini lisitengeneze kolesteroli nyingi, na hivyo hupunguza hatari ya shtuko la moyo na kiharusi. Seli za misuli nazo hutegemea njia hiyo hiyo ya utengenezaji, na huenda ndiyo maana zinaweza kudhurika. Maumivu yake kwa kawaida hushika pande zote mbili: mapaja, nyonga, mabega. Hata kuinuka mkekani huwa kazi.

Hata hivyo, si kila uchungu ni wa dawa. Mwaka 2022, watafiti wa Oxford na wenzao walijumlisha majaribio 19 yaliyohusisha watu wapatao 124,000. Katika kila watu 100, takriban 27 walilalamikia misuli, wawe wamemeza statini au kidonge kitupu kisicho na dawa. Mchukuzi wa Kongowea na kuli wa Changamwe wana sababu nyingine nyingi za kuumwa.

Hatari kubwa ni nadra, lakini ipo: misuli huvunjika na mabaki yake kuumiza figo. Serivastatini, mojawapo ya statini, iliondolewa sokoni mwaka 2001 kwa sababu hiyo. Mkojo ukigeuka rangi ya strungi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na unaponunua dawa nyingine kwa kemisti, itaje statini yako: klarithromaisini, dawa ya kuua bakteria, huipandisha statini iitwayo simvastatini mwilini hadi kiwango cha kudhuru misuli.

Daktari anaweza kupima damu, kupunguza dozi, kubadilisha aina, au kuisimamisha kwa wiki chache kisha kuirudisha. Yote hayo yanangoja neno lako.

Basi kilima cha feri na kiwe kipimo chako. Kikikushinda wiki hii, ilhali wiki jana ulikipanda bila kusimama, andika tarehe, beba vidonge vyako vyote, uende navyo kliniki.