Donati Bila Mafuta ya Kukaangia



Tumeona kikundi kikianza biashara ya mandazi kwa furaha, na baada ya miezi michache mfuko umekauka. Mara nyingi anayekula faida ni mafuta ya kukaangia. Donati ndogo za kuoka hazitaki mafuta hayo, wala si lazima muwe na oveni ya stima.

Kwa donati kama 30 tafuteni: unga wa ngano nusu kilo, sukari vijiko 5 vikubwa, majarini vijiko 3 vikubwa, hamira vijiko 2 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai, yai 1, na maziwa vuguvugu kikombe 1.

Changanyeni vitu vikavu, fikicheni majarini ndani yake, halafu tieni yai na maziwa. Kandeni dakika 10. Funikeni mpaka unga uumuke mara mbili, yapata saa moja. Sukumeni unene wa kidole, mkate kwa glasi ndogo na kutoboa katikati kwa kifuniko cha soda kilichooshwa. Lile tundu si urembo tu. Linasaidia katikati kuiva sawa na kando. Ziacheni ziumuke tena dakika 20.

Sasa oveni. Wekeni jiko nje, moshi wa makaa ni hatari ndani ya nyumba. Tieni mchanga mkavu ndani ya sufuria nzito, kina cha vidole viwili, mfunike na kuupasha moto dakika 15. Pangeni vijiwe vitatu juu ya mchanga, kisha sahani ya bati iliyopakwa majarini, yenye donati. Funikeni kwa kifuniko bapa na kuweka makaa juu yake.

Hapo ndipo sisi tulikosea mara ya kwanza. Tulijaza makaa chini, donati zikaungua tumbo na juu zikabaki nyeupe. Basi, makaa machache chini, mengi juu. Dakika 12 hadi 15 zinatosha.

Kabla ya kuuza, andikeni bei ya kila kitu, hata makaa. Jumlisheni, mgawanye kwa idadi ya donati zitakazouzwa, si zile watoto wameonja! Mkiuza chini ya hapo, mnagawa mtaji wenu. Uzeni siku hiyo hiyo, maana donati za kuoka hukauka upesi. Na mmoja ashike daftari, mwingine ashike pesa.