Je, Wajua? Kamera Inayopiga Picha Kabla Hujabonyeza

Sogea, nafasi ipo. Unatafuta kamera ya kupigia ndege, swala na vipepeo siku zako za mapumziko, na kila muuzaji anakuimbia megapikseli? Tulia kwanza. Nina mambo hapa kuhusu bodi za kamera, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ambayo yatakusahaulisha chai hiyo mpaka ipoe.

Je, wajua kwamba kamera ya kwanza ya kidijitali ya kubebeka ilikuwa na megapikseli 0.01 tu? Mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, aliiunda Marekani mwaka 1975. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6, haikujua rangi, na ilichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye kanda ya kaseti. Sekunde 23! Swala wako ameshavuka mto.

Na je, wajua kwamba mwaka 1991 Kodak walipoanza kuuza kamera ya kidijitali kwa wapiga picha wa magazeti, walichukua bodi ya Nikon F3 na kuipachika vyombo vyao? Ilikuwa na megapikseli 1.3, na diski yake ilikaa kwenye sanduku la kuning'iniza begani. Bei ilikuwa kama dola 20,000. Miaka 12 tu baadaye, mwaka 2003, Canon EOS 300D ikatoka na megapikseli 6.3, bodi yake kwa dola 899. Umeona bei ilivyoporomoka?

Haya, tuje kwenye hizo megapikseli zenyewe. Ukichapisha picha safi kabisa ya ukubwa wa karatasi ya A4, zile nukta 300 kwa kila inchi, unahitaji megapikseli 8.7 tu. Televisheni ya 4K inayokutoa macho sebuleni kwa jirani ina 8.3. Kwa hiyo bodi ya zamani ya megapikseli 12 inakutosha kutundika picha ukutani na chenji ikabaki.

Hebu jibu hili haraka. Ukitoka megapikseli 12 kwenda 24, picha inapanuka mara mbili? Hapana! Ili upana na urefu vyote viwe mara mbili, unahitaji megapikseli 48. Muuzaji hakukwambia hilo, sivyo?

Ila kwa mpiga ndege, megapikseli nyingi zina raha yake moja kubwa, nayo ni kukata. Nikon D850 ya mwaka 2017 ina megapikseli 45.7. Kata pembeni, bakisha kipande cha katikati chenye ukubwa wa kihisi cha kamera ndogo, na bado una 19.4 mkononi. Yule ndege aliyekuwa doa juu ya mbuyu sasa ana manyoya.

Je, wajua kwamba lenzi ileile inamvuta mnyama karibu zaidi kwenye kamera yenye kihisi kidogo? Lenzi ya milimita 400 kwenye kihisi kikubwa cha milimita 36 kwa 24 inabaki kuwa 400. Ihamishie kwenye bodi ya Nikon yenye kihisi cha ukubwa wa kati, inakuwa kama 600. Ihamishie kwenye kihisi kidogo zaidi cha milimita 17.3 kwa 13, ni 800! Ndiyo maana wapiga ndege wengi wa mapumziko wanazipenda bodi ndogo, na mimi nipo upande wao.

Kuna iliyokwenda mbali mno: Nikon P1000 ya mwaka 2018. Lenzi yake haifunguki kutoka kwenye bodi, na inavuta mara 125, mpaka sawa na milimita 3000. Utaona mashimo ya mwezini ukiwa umekaa barazani. Lakini kihisi chake ni kidogo mno, kile kikubwa cha milimita 36 kwa 24 kinakizidi eneo kwa takriban mara 30. Mchana ni furaha, jua likizama ni taabu.

Na jua letu, ndugu yangu, linazama kwa pupa! Karibu na ikweta, mwanga unaobaki baada ya jua kutua hudumu dakika 20 na ushee tu, kisha giza. London wakati wa kiangazi hudumu zaidi ya dakika 40. Mpiga picha wa Serengeti au Tsavo ana nusu ya muda wa mwenzake wa Ulaya kumpata chui akishuka mtini, kwa hiyo bodi inayoona vizuri kwenye giza ina maana kubwa kwetu kuliko kwao.

Je, wajua ISO inaweza kufika wapi? Hiyo ndiyo namba inayoonyesha bodi inavyohisi mwanga. Filamu ya kawaida ya jua kali ilikuwa 100. Nikon D5 ya mwaka 2016 inapandishwa mpaka 3,280,000, mara 32,800 zaidi! Huko juu kabisa picha ni chenga tupu, nakwambia mapema, lakini namba hiyo bado inanisisimua.

Shika hii: picha yako ya rangi ni makisio kwa theluthi mbili. Kila nukta ya kihisi cha kawaida hupokea rangi moja tu, nyekundu, kijani au buluu, na kamera hukisia mbili zilizobaki kwa kuwaangalia majirani. Nusu ya nukta zote ni za kijani, kwa sababu jicho la binadamu hupima ung'avu zaidi kwa kijani. Mpango huo ni wa Bryce Bayer wa Kodak, aliyepewa hataza mwaka 1976.

Na je, wajua kwamba vihisi vya CMOS vinavyotumika leo kwenye kamera na simu vina asili ya anga za juu? Katika miaka ya 1990, Eric Fossum na wenzake kwenye maabara ya NASA huko California walikuwa wanasaka kamera ndogo, isiyokula umeme, ya kufunga kwenye vyombo vya angani. Leo unampigia nayo kipepeo bustanini.

Sasa njoo kwenye utamu wenyewe: kasi!

Kozi, yule ndege mbuai, akijitupa kutoka angani hupita kilomita 300 kwa saa. Hiyo ni zaidi ya mita 80 kwa sekunde moja. Ukiwa na bodi inayopiga picha 20 kwa sekunde, kati ya picha moja na inayofuata ameshasafiri mita 4.

Bodi ya picha 20 unaiona ni nyingi? Sony A9 III, iliyotangazwa mwaka 2023, hupiga 120 kwa sekunde. Kidole kikikaa sekunde moja tu umepiga picha 120, na jioni nzima umeketi unachagua. Fikiria memori kadi zako kabla ya kufikiria kasi.

Halafu kuna hili, ambalo kila nikilieleza watu hunikatalia. Je, wajua kwamba kuna kamera zinazopiga picha kabla hujabonyeza? Mwanadamu huchukua kama robo sekunde kati ya kuona na kidole kutenda, na ndani ya robo sekunde mdiria ameshaondoka tawini, kakuachia picha ya tawi. Olympus wakaleta dawa mwaka 2016 kwenye E-M1 Mark II. Ukigusa kitufe nusu, kamera inaanza kukusanya picha kimyakimya na kuzitupa. Ukikibonyeza chote, inakuhifadhia pia picha 14 za nyuma. OM-1 ya mwaka 2022 inaweza kurudi nyuma picha 70! Mdiria yuleyule, mabawa wazi, tone la maji mdomoni, na wewe ulichelewa kama kawaida yako ya kibinadamu.

Ukiniuliza mimi kipi cha kutazama kwanza kwenye bodi ya kupigia ndege, nitakutajia uwezo huo wa kurudi nyuma kabla ya megapikseli. Cha pili ni jicho. Tangu Canon EOS R5 ya mwaka 2020, bodi nyingi zimefunzwa kumtambua ndege kwenye majani na kuling'ang'ania jicho lake. Wewe unamtafuta ndege, kamera imeshamshika!

Je, wajua kwamba Nikon Z9 ya mwaka 2021 haina pazia la kufunguka na kufunga, lile wanaloliita shata? Limeondolewa kabisa, na mlio wa kamera umeondoka nalo. Pongo anayekimbia akisikia “kacha!” sasa hasikii kitu.

Wazee wa kazi hii walipata shida kujificha, usipime. Ndugu wawili wa Uingereza, Richard na Cherry Kearton, zaidi ya miaka 100 iliyopita walitengeneza ng'ombe wa ngozi aliye wazi tumboni, mpiga picha akajibanza humo na kamera yake kuwasubiri ndege. Cherry ndiye aliyekuja Kenya na kumpiga picha za sinema Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, mwaka 1909.

Na hapa kwetu? Mjerumani Carl Georg Schillings alipiga picha za simba usiku katika nchi ambayo leo ni Tanzania, akazichapisha kitabuni mwaka 1905. Alitumia bamba za vioo na unga wa magnesi uliolipuka kama radi ndogo. Leo unalalamika bodi yako ina gramu 600?

Tukiwa kwenye gramu: Canon EOS R7, pamoja na betri na kadi, ni gramu 612. Nikon Z9 ni gramu 1,340. Ya pili ni zaidi ya mara mbili ya ya kwanza, na bado hujafunga lenzi. Itembeze kutwa nzima kwenye vilima vya Usambara ndipo uniambie.

Sikiliza hili kama unanunua kamera ya mtumba, yaani iliyotumika. Pazia la kamera lina umri, kama tairi. La Nikon D500 limejaribiwa kwa mibonyezo 200,000, namba inayoonekana kama haina mwisho. Lakini bodi hiyo hupiga picha 10 kwa sekunde: ukishikilia kidole mfululizo, unafika 200,000 kwa saa 5 na dakika 33 tu! Kwa hiyo muulize muuzaji imeshapiga picha ngapi, na usikubali jibu la mdomo. Kamera za Nikon na Pentax huandika hesabu hiyo ndani ya faili ya picha. Piga picha moja palepale, ifungue kwenye programu inayosoma taarifa za picha, na namba itajitokeza. Pazia likizidi umri huo si lazima life kesho, ila bei ishuke.

Je, wajua kwamba kamera zenye kioo ndani, zile za zamani kidogo, zinazishinda nyingi mpya kwa betri? Nikon D850 hupewa picha 1,840 kwa chaji moja. Sony A7 ya kwanza, isiyo na kioo, ilipewa 340. Sababu kubwa ni skrini: kamera isiyo na kioo inaiwasha muda wote unaochungulia. Porini hakuna soketi, nunua betri ya pili siku hiyohiyo.

Vumbi je? Mwaka 2003 Olympus E-1 ilikuja na kichujio kinachotetemeka mbele ya kihisi, kwa kasi isiyosikika na sikio, kukung'uta vumbi lililoingia wakati wa kubadilisha lenzi. Bodi nyingi za leo zina kitu cha namna hiyo. Kwa barabara zetu za kiangazi, ni rafiki wa kweli.

Joto nalo: bodi nyingi zimeruhusiwa kufanya kazi kati ya nyuzi 0 na 40. Gari lililofungwa vioo juani Mombasa au Dodoma huvuka 40 upesi. Usiiache kamera humo hata kidogo.

Je, wajua kwamba tundu la kufungia lenzi la Nikon F lilizaliwa mwaka 1959, na bodi ya Nikon D6 ya mwaka 2020 bado ililitumia? Miaka 61! Ndiyo maana masoko yamejaa lenzi za zamani zenye afya, na unaponunua bodi unanunua ukoo mzima wa lenzi.

Na kama utarudi nyumbani na kadi iliyojaa picha za majani, usihuzunike. Watafiti wa mradi wa Snapshot Serengeti walitega kamera 225 kwenye kilomita za mraba 1,125, na kufikia mwaka 2013 wakavuna mafungu milioni 1.2 ya picha. Yenye wanyama yalikuwa 322,653. Karibu robo tatu hayakuwa na mnyama yeyote, na hizo ni kamera zisizochoka wala kusinzia!

La mwisho ni dogo, lakini litakufaa dukani. Pembeni ya kijidirisha cha kuchungulia kuna kigurudumu kidogo ambacho wengi hawajawahi kukigusa. Hicho hurekebisha kijidirisha kifuate jicho lako, na wengi wenye miwani isiyo kali wanaweza kuivua. Kizungushe kabla hujasema kamera ina ukungu. Kisha toka nayo mpaka mlangoni, mtafute kunguru juu ya nyaya, na uishike juu kwa dakika tano nzima. Mkono ukiuma, irudishe, omba nyingine.