Siku Arubaini na Gari la Mseto



Ndugu zetu wa Mwambao wakisikia Majengo, fikira zao huwapeleka Mombasa. Sisi tunaandika kutoka Majengo ya Embu, chini ya Mlima Kenya. Mwendo wa saa mbili na zaidi kaskazini yetu yapo Majengo mengine, ya Meru, ambako tuna wakwe na mashemeji. Barabara iliyo kati ya Majengo haya mawili ndiyo iliyotufunza haya tunayowaletea leo.

Gari letu la kwanza lilikuwa limechoka, nalo lilikunywa petroli kama mfungaji anayefuturu. Tukanuia kununua saluni ndogo ya Kijapani iliyokwisha kutumika, katika yale magari ya mseto ambayo vijana huyaita haibridi. Akiba yetu haikutosha. Ahali yetu, ambaye hupika pilau na mahamri kwa arusi na hitima za mtaani, alitukopesha zilizobaki. Mali ya mke ni yake, na mume hana haki nayo ila kwa ridhaa yake. Kwa hivyo tukaliandika deni hilo mbele ya mashahidi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, imeamrisha deni liandikwe, wala haikuwatoa mume na mke.

Jambo la kwanza lililotushangaza ni ukimya. Asubuhi ya kwanza tulibonyeza kitufe cha kuwashia, hatukusikia kitu. Tukabonyeza tena, na mara ya tatu, hata jirani akatuuliza kama betri imekufa. Kumbe gari lilikuwa limekwisha kuwaka, na sisi ndio tuliokuwa tukiliwasha na kulizima. Taa ndogo ya kijani kwenye dashibodi ndiyo inayoarifu kuwa gari li tayari. Tukasoma dua ya kipando iliyomo katika Suratuz-Zukhruf, ambayo ndani yake mja hukiri kuwa kipando hakutiishiwa kwa nguvu zake, na siku hiyo tuliifahamu maana yake vizuri zaidi.

Akina mama wengi wametuuliza mlangoni: gari hili huchajiwa wapi? Halichajiwi popote. Ndani yake mna injini ya petroli na mota ya umeme, na chini ya kiti cha nyuma mna betri kubwa. Gari likianza kwenda polepole, mota hulisukuma peke yake. Mwendo ukizidi au mlima ukiinuka, injini huamka na kusaidia. Dereva akikanyaga breki, mota hugeuka kuwa jenereta na kuirudishia betri nguvu ambayo katika gari la kawaida hupotea kwa joto la breki. Ufundi huu si mgeni. Gari la kwanza la namna hii kuundwa kwa wingi, Toyota Prius, lilianza kuuzwa Japani mwezi wa Desemba 1997. Faida yake tumeiona kwa macho: gari la zamani lilitupa kilomita 11 kwa lita moja, na hili, tukiliendesha kwa upole, hutupa 19.

Lakini ukimya huo una hatari yake. Vichochoro vya Majengo baada ya alasiri hujaa watoto watokao chuoni, na wazee waliozoea kulipisha gari kwa kusikia mngurumo wake. Siku ya nne tulimkaribia bibi mmoja kwa nyuma, naye hakusikia hata tulipokuwa hatua mbili kutoka kwake. Alipogeuka alishika kifua. Tuliteremka tukamwomba radhi. Hatari hii imetambuliwa na wengine kabla yetu: Japani ilitoa mwongozo mwaka 2010 kuwa magari haya yatoe mlio yanapokwenda polepole, na Umoja wa Ulaya ukaulazimisha mlio huo kwa miundo mipya tangu Julai 2019. Mlio wa gari letu ni mwembamba, na kelele za mtaa huumeza. Sasa tukiingia kichochoroni hushusha kioo na kutoa salamu kwa sauti.

Ukimya wa pili ulikuwa wetu wenyewe, na huu ndio uliotupasa kuandika.

Siku ya tisa, tukiwa peke yetu njiani, iliwaka katika dashibodi pembetatu nyekundu yenye alama ya mshangao. Tuliijua kuwa si ishara ya heri. Baada ya siku mbili ikazima yenyewe, nasi tukajiambia kuwa lililozima limekwisha. Hatukumwambia fundi, hatukumwambia aliyetuuzia, na hatukumwambia mtu ambaye fedha zake zimo ndani ya gari lile. Tuliona haya. Sisi ndio tuliomhakikishia ahali yetu kuwa tumelikagua. Na katika siku hizo hizo tulikuwa tukiwasomesha wanafunzi wetu mlango wa biashara: habari ya Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, alivyopita sokoni akatia mkono katika rundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu chini, akamuuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka juu watu wauone.

Siku ya ishirini tulikuwa na arusi Meru. Ahali yetu aliketi mbele, na nyuma walikuwa mabinti wawili na sufuria zao, mizigo imejaa hadi madirishani. Barabara hiyo hukata mito iteremkayo kutoka Mlima Kenya: Thuci, Nithi, Mutonga. Kila mto ni mteremko mrefu, kisha mlima. Daraja la Nithi halihitaji kutambulishwa kwa wasomaji wa Mwambao. Julai 2022 basi lililotoka Meru likielekea Mombasa lilitumbukia bondeni hapo, na zaidi ya watu 30 wakafariki. Mwenyezi Mungu awape subira jamaa zao.

Tulipoanza kuteremka Nithi, kipimo cha betri kilijaa upesi kuliko kawaida. Betri ikijaa haipokei tena nguvu ya breki, na hapo injini huchukua kazi ya kulizuia gari. Gari letu la kimya likaanza kunguruma. Upande wa nyuma feni ikavuma kama ya mashine ya kusagia. Tulipopita daraja na kuanza kupanda, kipimo kile kile kilichojaa dakika chache nyuma kikaanguka hadi karibu na chini kabisa, na pembetatu ikawaka. Gari likapoteza nguvu, malori yakitupigia honi kwa nyuma.

Tulijiweka kando ya barabara palipokuwa na nafasi. Ahali yetu aliiangalia ile taa, kisha akatuangalia sisi.

"Bwana, taa hii imeanza kuwaka lini?"

Uongo ulikuwa karibu na ulimi. Tukasema, "Siku kumi na moja zilizopita."

Hakujibu. Baada ya muda akauliza, "Na mabinti hawa tumewapakia tukijua?"

Hakusema zaidi ya hayo mpaka Meru, tulikofika kwa mwendo wa polepole, Alhamdulillahi. Fedha hakuzitaja kabisa. Tungefarijika lau angezitaja.

Baada ya arusi tulilipeleka gari kwa fundi wa magari ya mseto Nairobi. Aliitoa betri na kutuonyesha kuwa si kitu kimoja: ni vipande 20 vilivyofungwa pamoja, na vitatu kati yake vilikuwa vimekufa. Tundu la hewa lililo ubavuni mwa kiti cha nyuma, ambalo feni huvutia hewa ya kuipoza betri, lilikuwa limezibwa na vumbi la miaka, na siku ya arusi sisi wenyewe tulikuwa tumeliziba kwa mizigo na mabuibui. Kisha akaunganisha kompyuta yake na kutuonyesha jambo jingine. Gari huhifadhi kumbukumbu ya makosa yake, na huhesabu kilomita lilizokwenda tangu kumbukumbu hiyo ilipofutwa. Kwa hesabu hiyo, ilifutwa siku chache tu kabla ya sisi kulinunua. Aliyetuuzia aliijua ile taa.

Tukampigia. Alitusikiliza, kisha akauliza: "Sheikh, uliijua taa siku ya tisa. Umeliendesha siku ngapi baada ya hapo?"

Nasi tuliijua hukumu. Katika madhehebu yetu ya Kishafii, mnunuzi akigundua aibu ya kale iliyofichwa ana khiyari ya kuirudisha bidhaa, lakini sharti aharakishe. Akiendelea kuitumia baada ya kujua, huhesabiwa kuwa ameridhia. Yeye alificha aibu, na dhambi hiyo iko baina yake na Mola wake. Lakini haki ya kurudisha tuliipoteza sisi kwa kunyamaza, na pamoja nayo fedha za mtu mwingine.

Ahali yetu alipoelezwa yote, alitoa ile karatasi ya deni na kuiweka mezani. "Deni ni lile lile," akasema. "Gharama ya fundi usiitie humu. Hiyo ni yako." Tukaona ametenda uadilifu. Fundi alibadilisha vile vipande vitatu na kusafisha feni, naye hakuficha kuwa hicho ni kiraka: vilivyobaki ni vya umri mmoja na vilivyokufa, navyo vitafuata. Tumeanza kuweka akiba ya betri nzima.

Juma lililopita kijana mmoja anayefanya kazi ya teksi hapa Embu alikuja na bei nzuri, karibu ile tuliyonunulia. Taa imezima, gari linang'aa, na kipimo kimetulia. Hatukumtazama ahali yetu, ila tulijua anasikiliza upande wa pili wa pazia. Tukamweleza yule kijana yote: vipande vitatu, kiraka, na maneno ya fundi. Akashukuru, akaenda zake. Gari lingali mlangoni petu.

Ndugu msomaji, hatukuandika haya ili kuwakimbiza watu na magari haya. Lililo zima ni neema: halina kelele, halina ulafi, na katika foleni injini hulala. Lakini kuna mambo ambayo laiti tungeyajua mapema.

Kwanza, hesabu umri wa betri. Kanuni za Kenya huruhusu kuingiza gari lililotumika lisilozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Huko Marekani, watengenezaji wengi hudhamini betri ya gari la mseto kwa angalau miaka 8 au maili 100,000. Basi lile linalotufikia likiwa na miaka saba au minane, huenda betri yake iko kwenye ukingo wa muda ambao mtengenezaji mwenyewe alikubali kuidhamini.

Pili, usiridhike na dashibodi isiyo na taa. Nenda na fundi mwenye kompyuta, umwambie asome betri kipande kwa kipande, na asome kilomita tangu kumbukumbu ilipofutwa. Zikiwa chache, muulize muuzaji sababu kabla ya kutoa pesa. Kisha mliendeshe gari mlimani. Kipimo kinachojaa na kuisha upesi ni ishara ya betri dhaifu.

Tatu, akina mama na watoto ndio wanaoketi nyuma, basi nyinyi ndio walinzi wa lile tundu la hewa. Msiliwekee mkoba wala nguo. Nyaya nene za rangi ya machungwa zina umeme mkali. Asiziguse ila aliyesomea kazi hiyo. Na katika mteremko mrefu, dereva atie gia ya herufi B, ili injini isaidie kulizuia gari na breki zipumzike.

Na la nne ni letu sisi wanaume. Taa ikiwaka, sema siku ile ile nyumbani. Fedha hupatikana tena. Lakini kuna kimya tulichokisikia kutoka Nithi hadi Meru ambacho hatupendi kukisikia mara ya pili. Ahali yetu ametusamehe, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, ila sasa kila tukirudi safari huuliza kwanza habari ya dashibodi, ndipo aulize habari ya njia.

Nasi humjibu kabla hatujavua viatu.

Wabillahi tawfiq.