Ukoga Ndani ya Mpira wa Mkojo

Msomaji wa Tanga ameniandikia kuhusu baba yake. Mzee alifanyiwa upasuaji wa tezi dume, akarudi nyumbani na mpira wa mkojo, na wiki ya pili akapandwa na homa ya kutetemeka. Familia inashuku vifaa vya upasuaji havikuwa safi.

Inawezekana, lakini mara nyingi bakteria wanaoleta homa kama hiyo ni wa mgonjwa mwenyewe: hutoka utumboni, wakaishi kwenye ngozi karibu na njia ya mkojo, wakisubiri upenyo. Aliyeingia chumba cha upasuaji mkojo wake ukiwa na bakteria tayari yuko hatarini zaidi, ndiyo maana mkojo huoteshwa maabara kabla. Vivyo hivyo aliyekuwa na mpira tangu awali kwa sababu mkojo ulimziba, mwenye kisukari, na ambaye upasuaji wake ulichukua muda mrefu. Kisha zipo siku za kukaa na mpira. Kwa kila siku, takriban wagonjwa 3 hadi 7 katika 100 hupata bakteria kwenye mkojo. Ukifika mwezi, karibu wote wanao, ingawa si wote wanaougua.

Mpira huu na tezi dume ni ndugu wa zamani. Mwaka 1937 Frederic Foley, daktari bingwa wa mkojo wa Marekani, alichapisha maelezo ya mpira wenye puto wa kuzuia damu baada ya upasuaji wa tezi hiyo. Puto hilo ndilo linaloushikilia kibofuni hadi leo.

Kibofu kina ulinzi mzuri sana. Hujaa, hujimwaga, na mkojo husomba vijidudu. Ukuta wake hata hubandua seli zilizoambukizwa. Mpira haubandui chochote. Mabaharia wanaijua hali hii. Jahazi likishushwa majini, ubao hupata kwanza utelezi. Juu ya utelezi hushika mwani, kisha viumbe wenye magamba, mpaka chombo kinakuwa kizito. Hapo hupandishwa pwani maji yakipwa, kikakwanguliwa na kupakwa deheni upya. Mpira nao hupakwa utelezi wa protini za mkojo mara tu unapowekwa, bakteria wakashika hapo na kujifunika ute ambao dawa hupenya kwa shida. Viwanda vimejaribu deheni yao, madini ya fedha, lakini jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 2012 halikuona faida ya maana kwa wagonjwa. Na mpira ulio ndani ya mtu haukwanguliwi, hutolewa tu.

Vitabu vingine huuita ute huo utando hai. Mimi nauita ukoga, kwa kuwa ukoga wa meno ni kitu hicho hicho.

Katika ukoga huo yumo bakteria anayenistaajabisha kuliko wote, Proteus mirabilis. Akiogelea kwenye mkojo ni kijiti kifupi. Akigusa uso mgumu huacha kugawanyika, akarefuka mara kumi na zaidi na kuota maelfu ya vimkia. Warefu hawa hujipanga ubavu kwa ubavu na kuteleza pamoja, wakipanda mpira kuelekea kibofuni. Wana kimeng'enya kinachovunja urea kuwa amonia. Mkojo hupoteza uasidi wake, na magnesiamu, kalisiamu na fosfeti zilizokuwa zimeyeyuka hugeuka fuwele, yaani mawe, ndani ya ukoga wenyewe. Siku chache tu zaweza kutosha kuziba tundu. Mkojo hurudi nyuma hadi kwenye figo, na bakteria pamoja nao. Mgonjwa akapata homa kama ile ya mzee wa Tanga.

Mzee anywe maji ya kutosha kama daktari hajamzuia. Mfuko ukae chini ya kibofu lakini usiguse sakafu, na kiungio chake na mpira kisifunguliwe ovyo. Kila mnapokwenda kliniki, muulizeni daktari kama mpira bado unahitajika. Msiuvute wenyewe, puto litamjeruhi. Mfuko ukikaa mtupu huku tumbo la chini linauma, au homa ikipanda, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.