Jicho, mishipa ya damu na hesabu ya fraktali



Wale miongoni mwenu waliowahi kufika Guangzhou kununua bidhaa wanaujua mtaa wa Xiaobei, katika wilaya ya Yuexiu, ambako Mtanzania, Mkenya na Mkongo hukutana na kusalimiana kwa Kiswahili kati ya maduka ya nguo na ofisi za kusafirisha mizigo. Asubuhi moja nilitoka mtaani humo nikaenda hospitali kupigwa picha ya macho. Sikuwa na maumivu yoyote. Gazeti nalisoma bila shida, na namba ya basi naiona kutoka mbali. Lakini nina umri wa miaka 46, na huu ni mwaka wa sita tangu nilipogunduliwa kuwa na ugonjwa wa kisukari. Daktari alinieleza kwa upole kwamba kuona vizuri si ushahidi kuwa jicho ni zima.

Kazi yenyewe ilichukua muda mfupi. Nilitiwa matone ya dawa ya kupanua mboni, nikaweka kidevu mahali pake mbele ya kamera, mwanga ukamulika, na kwenye kompyuta ikatokea picha ya mviringo yenye rangi ya chungwa. Upande mmoja lilionekana duara dogo jeupe lenye umanjano, mahali ambapo neva ya jicho huanza safari yake ya kwenda kwenye ubongo. Kutoka hapo mishipa ya damu ilisambaa pande zote, ikigawanyika tawi kwa tawi mpaka ikawa myembamba kama uzi wa buibui. Nilimwuliza daktari kama umbo la matawi hayo lina maana yoyote. Jibu la swali hilo ndilo lililonifanya niandae makala hii.

Wasikilizaji wapendwa, retina ni utando ulioko nyuma ya jicho, nao hupokea mwanga na kuugeuza kuwa habari inayopelekwa kwenye ubongo. Ni mahali pa pekee mwilini ambapo daktari anaweza kuitazama mishipa ya damu moja kwa moja bila kumpasua mgonjwa. Sukari inapozidi katika damu kwa miaka mingi, kuta za mishipa midogo kabisa hudhoofika. Baadhi ya mishipa hutuna, mingine huvuja, na mingine huziba. Sehemu ya retina iliyokosa damu hutoa ishara ya kuomba msaada, na mwili huitikia kwa kuotesha mishipa mipya. Kwa bahati mbaya mishipa hiyo mipya ni dhaifu. Hupasuka, damu humwagika ndani ya jicho, na makovu yanayofuata yanaweza kuivuta retina hadi ikabanduka. Jambo la kusikitisha ni kwamba hatua za mwanzo hazina maumivu wala ukungu. Wengi huenda kwa daktari wakati ambapo uwezo wa kuona uliopotea hauwezi tena kurudishwa.

Guangzhou ni mahali panapofaa kuzungumzia jambo hili. Mwezi Novemba mwaka 1835, daktari Mmarekani Peter Parker alifungua hospitali ya macho katika mji huu, ambao wakati ule wageni waliuita Canton. Hospitali hiyo huhesabiwa kuwa miongoni mwa zile za kwanza kutoa matibabu ya kimagharibi nchini China, na mwaka 1886 kijana Sun Yat-sen, ambaye baadaye aliongoza mapinduzi yaliyouondoa utawala wa wafalme, alijifunza udaktari katika hospitali iliyorithi kazi hiyo. Mwaka 1983 kilianzishwa mjini hapa Kituo cha Macho cha Zhongshan, ambacho ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen na ni moja kati ya taasisi kubwa za tiba ya macho nchini China. Kazi haijapungua. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kuwa mwaka 2021 China ilikuwa na watu wazima zaidi ya milioni 140 wenye ugonjwa huo, idadi kubwa kuliko ya nchi nyingine yoyote duniani.

Sasa turudi kwenye matawi yale. Ili tuyaelewe, inatubidi tutoke hospitalini kidogo na kwenda pwani.

Mwaka 1967, mwanahisabati Benoit Mandelbrot alichapisha makala fupi iliyouliza swali linaloonekana kuwa la kitoto: pwani ya Uingereza ina urefu gani? Tuliulize swali hilo kwa pwani yetu ya Lamu. Nahodha anayepita na jahazi baharini atakuambia urefu fulani. Mtu anayetembea kwa miguu, akiifuata kila ghuba na kila mkono wa bahari, atapata urefu mkubwa zaidi. Na kaa anayeuzunguka kila mzizi wa mkoko atapata mkubwa zaidi kuliko wote wawili. Hakuna aliyesema uongo. Pwani imejikunja, na ndani ya mikunjo yake mna mikunjo midogo zaidi inayofanana na ile mikubwa. Mwaka 1975 Mandelbrot aliyapa maumbo ya namna hii jina, ambalo kwa Kiswahili tunaweza kuliita fraktali.

Mto Rufiji unapokaribia bahari hugawanyika matawi, na kila tawi huzaa vijito. Mto Zhujiang hapa Guangzhou hufanya vivyo hivyo kabla ya kuingia katika Bahari ya Kusini ya China. Mishipa ya retina nayo hufuata desturi hiyohiyo: ukikata kipande kidogo cha picha na kukikuza, utaona mtandao unaofanana na picha nzima.

Umbo kama hilo linapimwaje? Njia inayotumika sana ni ya kuhesabu miraba. Chukua picha ya mishipa, ichorwe kwa mistari myeupe juu ya weusi, kisha uifunike kwa wavu wa miraba. Hesabu ni miraba mingapi imeguswa na mshipa. Halafu upunguze upana wa kila mraba kwa nusu, uhesabu tena. Kama picha ingekuwa ya mstari mmoja ulionyooka, idadi ingeongezeka mara 2. Kama ingekuwa ya kitambaa kilichoenea kote bila tundu, idadi ingeongezeka mara 4. Kwa mishipa ya retina, idadi huangukia katikati. Katika lugha ya hisabati, mstari una dimensheni 1 na kitambaa kina dimensheni 2; retina hupata namba yenye desimali, iliyo baina ya hizo mbili. Mwaka 1989 watafiti watatu nchini Marekani, Family, Masters na Platt, walipata namba inayokaribia 1.7. Maana yake ni kwamba kila mraba unapopunguzwa kwa nusu, idadi huongezeka takriban mara 3 na robo.

Matumaini ya wataalamu yalikuwa wazi. Daktari akitazama picha huona doa jekundu hapa na uvimbe pale, lakini ni vigumu kwa jicho la binadamu kugundua kuwa mtandao mzima umeanza kupukutika kidogo kidogo, kama mti unaopoteza vijiti vyake vya pembeni. Namba moja inayoeleza mtandao wote ingeweza kutoa onyo kabla ya dalili nyingine yoyote.

Je, matumaini hayo yametimia? Hapa, wasikilizaji wapendwa, ndipo habari inapohitaji uangalifu.

Mwaka 1993 mtafiti Daxer wa Austria alionesha kuwa kwa wagonjwa wa kisukari walioota mishipa mipya kwenye eneo la neva ya jicho, namba hiyo hupanda. Mwaka 2002 utafiti wa Marekani uliochunguza eneo la katikati ya retina kwa wagonjwa ambao hawajafikia hatua hiyo ulieleza kuwa mishipa imepungua. Mwaka 2009 ukatoka utafiti uliofanywa Australia juu ya vijana 729 wenye kisukari, wenye umri wa miaka 12 hadi 20. Wale wenye namba kubwa zaidi ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na dalili za mwanzo za ugonjwa wa retina.

Msikilizaji makini atauliza: ugonjwa huipandisha namba au huishusha? Jibu ni kwamba hufanya yote mawili. Mishipa inapoziba, matawi hupungua na namba hushuka. Mishipa mipya isiyo na mpango inapoota, picha hujaa na namba hupanda. Kwa hiyo kuna kipindi ambapo hasara na nyongeza zinaweza kufutana, na jicho lililo hatarini likapata namba inayofanana na ya jicho zima.

Isitoshe, namba hutegemea mpimaji. Katika utafiti ule wa Australia, namba ya katikati ilikuwa takriban 1.46, wakati wale Wamarekani wa mwaka 1989 walipata karibu 1.7. Hilo halimaanishi kuwa Waaustralia wana macho mabaya. Kamera zilikuwa tofauti, eneo la retina lililopimwa lilikuwa tofauti, na programu za kuchora mishipa zilikuwa tofauti. Mwaka 2016 watafiti wa China na Uholanzi walionya kuwa ukibadilisha namna ya kuichora mishipa au ukubwa wa eneo linalopimwa, namba hubadilika kiasi cha kufanya isitegemewe peke yake katika kumtambua mgonjwa. Hata mtoto wa jicho, ambaye hutia ukungu kwenye picha na kuficha vijishipa vyembamba, anaweza kuishusha namba bila retina kuwa na kosa lolote.

Lakini hayo hayamaanishi kuwa kipimo hicho hakina faida. Pale ambapo picha ni nyingi na zimepigwa kwa utaratibu mmoja, hesabu ya fraktali inaeleza mambo ya maana. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti uliotumia picha za watu zaidi ya 54,000 nchini Uingereza, na ukaonesha kuwa wale ambao mtandao wa mishipa yao ya retina ulikuwa na matawi machache walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata baadhi ya maradhi, likiwemo shinikizo la damu, na ya kufariki mapema. Hapa Guangzhou, tangu mwaka 2017 wataalamu wa Zhongshan wamekuwa wakiwafuatilia watu wenye kisukari kwa mitambo inayoweza kuonesha hata mishipa midogo kabisa ya retina bila kumchoma mgonjwa sindano ya rangi. Mtu yuleyule akipigwa picha kwa mtambo uleule mwaka hadi mwaka, mabadiliko yake mwenyewe huwa na maana kubwa kuliko kumlinganisha na mtu mwingine.

Nami nilitaka kujua namba yangu. Daktari alitabasamu, akasema haimo katika ripoti, kwani bado ni kazi ya watafiti. Badala yake alikuza picha na kunionesha vidoa viwili vyekundu, kila kimoja kidogo kuliko ncha ya kalamu. Ni mahali ambapo mishipa imeanza kutuna. Sikuwahi kuvihisi. Aliniambia nidhibiti sukari na shinikizo la damu, na nirudi baada ya miezi sita. Nilitoka nje, mboni zikiwa bado zimepanuka na jua likinichoma, nikifikiri juu ya vidoa hivyo viwili kuliko nilivyofikiri juu ya hesabu yote.

Wasikilizaji wa Afrika Mashariki wasidhani kuwa haya ni mambo ya miji ya mbali. Mkoani Kilimanjaro, Tanzania, mpango wa kuwapiga picha za retina watu wenye kisukari ulianza mwaka 2010, na katika miaka yake ya mwanzo ulichunguza watu zaidi ya 3,000. Zaidi ya robo yao walikutwa na dalili za ugonjwa wa retina. Hao angalau walijulikana kuwa na kisukari. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kuwa mwaka 2021 zaidi ya nusu ya watu wazima wenye kisukari barani Afrika hawakujua kuwa wanacho.

Kwa hiyo ushauri wa wataalamu ni huu. Mwenye kisukari cha aina ya pili achunguzwe macho mara tu anapogunduliwa, na mwenye aina ya kwanza achunguzwe ndani ya miaka mitano. Baada ya hapo uchunguzi urudiwe kila mwaka, au kama daktari atakavyoelekeza, hata kama mtu anaona vizuri. Ugonjwa ukiwahiwa, tiba ya leza na sindano za dawa ndani ya jicho zinaweza kuzuia sehemu kubwa ya upofu.

Hesabu ya fraktali huenda siku moja ikaingia katika ripoti ya kila mgonjwa. Lakini hata hesabu iliyo bora haiwezi kupima picha ambayo haikupigwa. Kama una kisukari, na hukumbuki mara ya mwisho daktari alipoitazama retina yako, basi usingoje dalili.