Farasi Mweusi na Njaa ya Mtunya

Wapo wanaomngoja farasi mweusi wa Ufunuo, sura ya 6, kana kwamba hajapata kupita. Ugogo ulimwona. Farasi mwekundu wa vita hutangulia. Mweusi hufuata, mpandaji wake ameshika mizani. Dinari moja, ujira wa kutwa, hununua kibaba kimoja cha ngano: posho ya mtu mmoja, watoto hawamo. Ndivyo ilivyokuwa Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua nafaka na ng'ombe, kisha mvua ikakosekana.

Mbona basi mafuta na divai havidhuriwi? Mkulima wa zabibu wa Hombolo analijua jibu: mizizi ya mzabibu huenda chini sana, hustahimili ukame unaoangamiza nafaka. Divai ipo sokoni, mkate haupo.